Nafasi ya Kugeuka

Boliti zilikuwa bado na joto. Mfua vyuma alizitoa kwenye moto, akazitumbukiza majini, akazifunga kwenye kipande cha gunia, na Twalibu akaondoka nazo bila hata kuaga vizuri. Jua lilikuwa linazama upande wa Congo. Buyenzi nzima ilikuwa inafunga milango. Miaka ile ya vita mtu wa Bujumbura hakuhitaji saa: ukiona akina mama wa vitumbua wanamwagia maji makaa yao, ujue kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje usiku, imekaribia, na askari wa doria hawakuwa na simile na mtu waliyemkuta barabarani.

Haraka yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya mteja ambaye Twalibu alimchukia tangu alipomtia machoni.

Mteja huyo aliitwa Rénovat, mfanyabiashara wa ndagala kutoka Musaga. Alikuwa akipeleka samaki wakavu kaskazini, kupitia Kinama na Carama, njia ambayo wakati ule waliipita wenye roho ngumu au wenye njaa. Alileta pikapu yake kuukuu jana asubuhi, akataka inyanyuliwe: springi nene, matairi makubwa. Hilo peke yake halikuwa jambo la kushangaza. Barabara zilikuwa mashimo matupu, vikwazo vya nchi jirani vilifanya spea ziadimike, na mafundi wa Buyenzi walikuwa hodari wa kunyofoa springi za lori bovu na kulivisha gari dogo.

Ajabu ilikuwa ni huyo mtu mwenyewe. Kwanza, hakushuka garini kama watu. Alifungua mlango, akakunja miguu juu ya kiti, akaruka mbali kana kwamba anavuka mtaro, na ardhi ilikuwa kavu kabisa. Pili, hakuketi. Twalibu alimpa kibao, Rénovat akakitazama tu, akaenda kusimama juu ya lundo la mchanga kwenye kona ya uwanja, na huko ndiko alikoshinda siku zote mbili, macho hayatoki chini ya gari lake.

Tatu, lile swali.

"Mutu akilala chini yake, anaweza kugeuka?"

Twalibu alidhani ni utani. "Mutu gani?"

"Mutu yeyote. Amelala chali. Anaweza kugeuka ubavu?"

Birindwa, fundi mwenzake Twalibu, alicheka mpaka akaangusha spana. Birindwa alikuwa Mshi wa Bukavu, aliyekimbia vita vya kwao akaangukia vya hapa. Hakuwa na karatasi hata moja. Mtaani pale doria ilikuwa imeshawachukua Wakongomani wengine, wakapakiwa kwenye lori, na mpaka leo hakuna aliyeuliza walipelekwa wapi akajibiwa. Lakini Birindwa hakujua kununa. Alijilaza chini ya pikapu, akajaribu kugeuka ubavu, bega likagonga difu, lile bonge la chuma la katikati ya ekseli.

"Apana," akasema Rénovat. "Pandisha tena."

Twalibu alimweleza, na hakumweleza kwa upole. Springi zinanyanyua bodi tu. Difu linanyanyuliwa na matairi. Na ukivisha matairi makubwa bila kunyanyua bodi, yatakwaruza madigadi mpaka yapasuke. "We niambie unaenda wapi, mi nitakupa gari ya kufika. Habari za mutu kulala chini, peleka kwa wenye kuuza vitanda."

Rénovat hakucheka. Alitoka, akarudi na matairi ya lori yanayosukumwa na vijana wa sokoni, akarudi kwenye mchanga wake. Mafundi wakaongeza springi, wakaweka na vipande vya chuma juu ya ekseli ili bodi ipande zaidi, na ndiyo maana Twalibu sasa alikuwa anakimbia na boliti ndefu kuliko za kawaida mikononi.

Alipoingia uwanjani umeme ulikuwa umekatika. Taa ya mafuta ilining'inia kwenye mlingoti. Pikapu ilikuwa imesimama juu ya jeki, ndefu, mbaya, haifanani tena na gari la mtu yeyote.

Rénovat alikuwa palepale.

"Umechelewa," alinong'ona.

"Na we ungeenda kuzifua mwenyewe," Twalibu akajibu, akamrushia Birindwa boliti.

Sasa, gereji ile ilikuwa na sheria moja, na ni lazima uijue. Aliyeiweka ni marehemu Mzee Suud, mwenye gereji wa kwanza, aliyepoteza mguu kwa sababu mtu aliteremsha jeki bila kutazama. Anayeingia chini ya gari hupaza sauti: "Niko chini!" Aliye nje hujibu: "Nakuona!" Kuanzia hapo aliyejibu ndiye mwenye mtu. Haendi kula, haendi kusali, hagusi jeki, hata risasi zilie, mpaka asikie "Nimetoka." Na kabla ya kuteremsha gari lazima aulize: "Chini kuna mutu?" Mtaa mzima ulikijua kilio hicho. Hata Ghanima, mke wa Twalibu, alikifanya mchezo wa nyumbani. Mumewe akiinama kutafuta kandambili chini ya kitanda husema "Niko chini!", naye kutoka jikoni humjibu "Nakuona!", na binti yao Aya hucheka mpaka apaliwe.

"Niko chini!" Birindwa akasema, akajisokota chini ya pikapu.

"Nakuona!"

Walifanya kazi bila maneno. Boliti ziliingia moja baada ya nyingine. Nje, milango ya mabati ilifungwa kwa kishindo, kisha mtaa ukanyamaza. Mbali, upande wa Kinama, risasi zilianza kulia kwa uvivu, kama kila jioni.

Ndipo Twalibu aliposikia harufu.

Pikapu ile ilinuka ndagala tangu ilipofika, hilo alishalizoea. Hii ilikuwa nyingine. Udongo uliolowa. Na chini ya udongo, kitu kitamu kilichooza...

"Birindwa. Unasikia harufu?"

"Ya samaki," sauti ya Birindwa ikatoka chini. "Na yako we."

Nati ya mwisho ikakazwa. Birindwa akajivuta nje, akasimama, akajipangusa vumbi. "Nimetoka," akasema, maana sheria ni sheria. Akachukua kidumu na kwenda bombani nje ya lango kuchota maji ya kunawa, kabla kuvrefe haijamfungia njia.

Twalibu akazunguka upande wa jeki. Akashika mkono wa chuma. Alikuwa amechoka, ana njaa, na anamchukia Rénovat kiasi kwamba alitaka tu gari litoke uwanjani kwake. Kinywa chake kikauliza chenyewe, kama kilivyouliza kila siku kwa miaka.

"Chini kuna mutu?"

"Niko chini."

Sauti ilikuwa tulivu. Karibu sana na mguu wake.

"Nakuona!" Twalibu akajibu, akauachia mkono wa jeki bila kuiteremsha, akamlaani Birindwa moyoni kwa kurudi chini bila kusema.

Lango likalia. Birindwa akaingia na kidumu cha maji.

Twalibu alimtazama Birindwa. Akatazama chini ya gari.

Nyuma yake, juu ya mchanga, Rénovat alitoa pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Kisha akaketi. Kwa mara ya kwanza tangu jana, akaketi.

"Umejibu," alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Asante, patron. Umejibu."

Twalibu alichukua taa, akapiga magoti. Hakukuwa na mtu. Lakini vumbini, palepale Birindwa alipokuwa amelala, kulikuwa na alama ya mgongo mpana kuliko wa Birindwa. Na kando yake, alama ya ubavu na kiwiko. Aliyelala hapo alikuwa amegeuka, na kiwiko kilielekea upande wa jeki, upande alikosimama yeye Twalibu.

Juu ya difu grisi ilikuwa na michirizi ya vidole.

Twalibu aliinuka na spana kubwa mkononi, akamwendea Rénovat. Birindwa aliweka kidumu chini polepole.

"Nani yuko chini ya gari yako?"

"Simujui," Rénovat akasema.

"Nitakupasua kichwa. Wallahi nitakupasua."

Rénovat aliitazama spana bila woga. Hicho ndicho kilichomtisha Twalibu zaidi, kwamba mtu aliyetetemeka siku mbili sasa hakuwa na woga hata kidogo. Akaeleza kwa kunong'ona, haraka haraka, kama anayetema kitu kilichomkaa kooni.

Ilikuwa Carama, jioni, magari yamesimama msururu. Risasi zikaanza kutoka pande zote mbili za barabara. Watu wakaruka mitaroni. Mwanaume mmoja, mpita njia, hakuwahi mtaro, akaingia chini ya pikapu ya Rénovat. "Alinipigia kelele. 'Muzee, niko chini! Niko chini, usiende!' Risasi ilipasua kioo changu. Nikawasha gari."

"Hukumusikia?"

"Nilisikia." Rénovat akafuta pua kwa mkono. "Nilisikia muzuri."

Tangu siku hiyo, kila jioni, kitu kilibisha chini ya kiti chake. Taratibu, kwa vidole. Akishuka, kitu kilimgusa kisigino. Akaenda kwa mupfumu mmoja, mganga wa milimani, na mupfumu akamwambia: huyo amelala chali na uso wake unakutazama wewe, kwa sababu alikuita wewe na hukumjibu. Mpe nafasi ya kugeuka. Akigeuka atamtazama mwingine. Na huyo mwingine akimjibu, ndiye atakayekuwa mwenye mtu.

"Nikauliza-uliza muji mzima, wapi watu wanamujibu mutu wa chini ya gari," Rénovat akasema. "Wote wakaniambia Buyenzi. Kwa Twalibu."

Birindwa alifanya ishara ya msalaba. Twalibu alisikia hasira ikimpanda mpaka masikioni, hasira ya kuchaguliwa kama mbuzi sokoni, tena kwa sababu ya jambo lake moja jema.

"Gari haitoki," akasema. "Mutu wangu hajasema ametoka. Jeki haishuki, na we hutoki hapa, mpaka atoke."

Rénovat akainuka. Akaenda mpaka kwenye gari lake, hatua za kawaida, na akaweka mguu wake karibu kabisa na tairi. Hakuruka. Kutoka mtaa wa pili kulisikika buti za doria na mbwa akibweka.

"Sikia, patron," alinong'ona, na sasa sauti yake ilikuwa laini. "Nitafungua hilo lango nipige kelele. Nitasema gereji hii inaficha mutu. Wataangalia chini ya gari, hawataona kitu. Kisha watamuangalia huyu." Akaonyesha Birindwa kwa kidevu. "Watamuomba karatasi."

Birindwa alikuwa amekiokota tena kidumu. Alikishika kwa mikono miwili, na maji yalikuwa yanamwagika miguuni mwake bila yeye kujua.

Buti zilikaribia.

Twalibu alitazama uso wa rafiki yake. Akatazama giza lililo chini ya pikapu. Akarudi kwenye jeki, akashika mkono wa chuma.

"Chini kuna mutu?" aliuliza, polepole, akiomba Mungu kimya ndiyo kiwe jibu.

"Niko chini."

"Toka basi. Toka, ndugu yangu."

"Niko chini. Muzee... niko chini. Usiende."

"Unaongea na nani?" Birindwa akanong'ona. Yeye hakusikia kitu.

Twalibu akaiteremsha jeki. Pikapu ilishuka taratibu, ikakaa juu ya matairi yake makubwa. Akatoa jeki. Kisha akaenda mwenyewe, kwa miguu yake, akalifungua lango. Hakuna aliyemsukuma.

Rénovat akawasha gari. Uwanja ule ulikuwa tambarare, umefagiliwa, hauna hata jiwe. Pikapu ilisogea, na gurudumu la nyuma likapanda juu ya kitu.

Likashuka.

Twalibu alilisikia lile jambo kwenye meno yake. Langoni Rénovat akawaaga askari wa doria kwa jina, mmoja mmoja, maana mtu wa ndagala hujulikana kila kizuizi, na taa nyekundu za pikapu zikapotelea upande wa Musaga. Doria ikapita. Birindwa akamshika Twalibu mkono, akambusu kiganja, akasema amemuokoa. Ni kweli, alimuokoa.

Kesho yake waliingiza gari la mwalimu mmoja, kazi ndogo ya breki. Birindwa akaingia, akatoka, akasema "Nimetoka." Twalibu akashika jeki na kuuliza.

"Niko chini," akajibiwa.

Hakuiteremsha. Birindwa alimtazama, akatazama chini ya gari, akaiteremsha mwenyewe. Siku iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata. Wateja walianza kunung'unika kwamba fundi wa Buyenzi siku hizi anaongea na magari. Twalibu alijibu kwa matusi, yeye ambaye hakuwa mtu wa matusi. Siku moja pikapu ndefu ilipita mbele ya lango ikapiga honi, na Rénovat mwenyewe akampungia mkono, amenenepa, amenyoa vizuri. Twalibu alimwombea kifo palepale, kwa sauti, mchana kweupe.

Kisha sauti ikamfuata nyumbani.

Ilikuwa chini ya kitanda. Vidole vilibisha chini ya godoro, upande wake, taratibu. Asubuhi, alipoweka mguu sakafuni, kitu kilimgusa kisigino. Basi akaanza kuruka. Alikunja miguu juu ya kitanda, akaruka mpaka mlangoni. Usiku aliruka kutoka mlangoni mpaka kitandani, na Ghanima akamcheka, kisha akaacha kumcheka.

"Baba Aya, una nini?"

"Panya," alisema Twalibu.

Hakumwambia kitu kingine. Angeweza kumwambia. Angeweza kumkalisha na kumsimulia habari ya Carama, ya mupfumu, ya lango alilolifungua kwa mkono wake, na kumkataza kabisa asijibu neno lolote litokalo chumbani. Kila siku alisema atamwambia kesho.

Badala yake alileta matofali. Aliyabeba kwenye toroli kutoka kwa jirani aliyekuwa anajenga, akanyanyua kitanda, akaweka matofali chini ya kila mguu. Akachuchumaa mbali na kutazama. Akaongeza mengine.

"Sasa hivi nitahitaji ngazi kupanda kulala," Ghanima akasema mlangoni, mkono kiunoni. "Panya gani hao, ngamia?"

"Ni kwa sababu ya mafuriko," Twalibu akajibu. Ulikuwa ni msimu wa kiangazi.

Jioni hiyo alikuwa amesimama uani, anatawadha. Ghanima alikuwa jikoni anakaanga ndagala, Aya anamsomea masomo yake. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Giza lilikuwa linaingia, na mtaani akina mama walikuwa wanazima makaa yao.

Kutoka chumbani, chini ya kitanda, sauti ikatoka. Tulivu. Na safari hii si yeye peke yake aliyeisikia, maana mwanawe aliinua kichwa kutoka kwenye daftari.

"Niko chini!"

Twalibu alikuwa na muda. Baadaye, kila alipolala macho, aliupima muda ule: ulitosha kusema jina la mkewe, ulitosha hata kulisema mara mbili. Maji yalimtiririka kutoka viwikoni. Mdomo wake ulikuwa wazi.

"Nakuona!" Ghanima akajibu, akicheka, akigeuza samaki kwenye mafuta. "Hizo kandambili zako siku moja nitazitupa!"

Pumzi ndefu ilimtoka Twalibu kifuani. Akaketi kwenye ukingo wa kisima cha maji, na machozi yakaanza kumtoka. Mungu amsamehe akiweza: alifurahi.

Aliingia chumbani, akasogea mpaka ukingoni mwa kitanda, akaweka mguu wake mtupu sakafuni, karibu na matofali. Hakuna kilichomgusa.

Jikoni mafuta yalikuwa yanachemka. Kisha Aya akauliza, kwa sauti ndogo:

"Mama, kwa nini umeruka?"